Finjani ya Mabruka

Miaka ile ya tisini, mwanamke wa Ibra, kule Oman, aliyejua kuendesha gari alikuwa ama amefundishwa na Bi Ghalia binti Muslim, ama amemkimbia katikati ya masomo. Mwalimu mwenyewe alikuwa mfupi, mnene wa kadiri, na sauti yake ilipenya vioo vilivyofungwa. Gari lake lilikuwa Corolla jeupe lenye breki ya pili upande wa mwalimu, na breki hiyo aliikanyaga bila huruma. Wanafunzi wake walisema kwamba aliyestahimili ukali wa Bi Ghalia hawezi tena kutishwa na askari wa trafiki.

Kazi hiyo aliianza alipofiwa na mumewe, Hamoud, akabaki na binti mmoja, Manar. Mji ulisema sana. Mwanamke kukaa garini tangu asubuhi, tena na kofia ya jua juu ya mtandio! Baadaye wale wale waliosema wakaanza kumletea binti zao na wake zao, na wengine wakamletea mama zao. Bi Ghalia aliwapeleka wote kwenye uwanja wa mapipa, maana huko ndiko mtihani ulikoanzia. Mtu hurudi kinyumenyume kati ya mapipa, na akiligusa moja tu, kwaheri, arudi siku nyingine.

Alizaliwa Molo, kwenye baridi ya Kenya, ambako baba yake, mtu wa Ibra, alikuwa na duka la vitambaa na mafuta ya taa katikati ya mashamba ya Wazungu. Mama yake alikuwa mtu wa Unguja mjini, na kwake yeye Ghalia alijifunza Kiswahili na namna ya kumsuta mtu bila kumtukana. Mwaka 1974 baba akawarudisha Oman. Ghalia alikuwa msichana mkubwa, na Kiarabu chake hakikuzidi sala na dua. Binamu zake walimcheka hata akaogopa kuomba maji. Wakamwita Zinjibariya, yaani wa Zanzibar, na hiyo Unguja yenyewe aliiona mara mbili tu, kwa likizo.

Mtu wa kwanza kumwonea huruma alikuwa Mabruka, msichana wa rika lake aliyekaa nyumba ya mwisho, ukingoni mwa shamba la mitende la babu yake Ghalia. Nyanya yake Mabruka aliletwa kutoka Afrika akiwa mtoto, akauzwa kwenye bandari ya Sur, akaishia katika milki ya babu huyo huyo. Utumwa ulikuwa umeondolewa, lakini ile nyumba ya ukingoni ilibaki pale pale, na waliomo waliendelea kuitikia wakiitwa. Mabruka alikijua Kiswahili cha nyanya yake. Alimkuta Ghalia analia nyuma ya tangi la maji, akamwambia, "Nyamaza, bibi. Kiarabu si kitu. Nitakufundisha mimi."

Akamfundisha kweli. Tangu siku hiyo wakawa hawaachani. Mabruka alikuja kila siku asubuhi, akatia mkono kazi iliyokuwapo, akala, akacheka, akarudi kwake magharibi. Alimwita Ghalia "ammati", kama nyanya yake alivyowaita wanawake wa nyumba ile. Maana ya neno ni shangazi, na Ghalia alilisikia kuwa ni neno la mapenzi tu. Mtu akiuliza, alisema, "Mabruka ni mtu wetu wa nyumbani."

Siku ya Jumatano ilikuwa siku ya soko la wanawake, na Mabruka alikuwa na mahali pake hapo, akiuza ubani, udi na nyuzi za kutarizia. Bi Ghalia alimpeleka kwa gari, akiwa na mwanafunzi wake kwenye usukani. Mabruka alikaa kiti cha nyuma na mizigo yake, akibangua mbegu za tikiti na kusikiliza.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwaka 2003, alipokuja Roza.

Jina lake kamili lilikuwa refu na halikumshughulisha mtu. Alikuwa mwanamke wa Kizungu wa miaka arubaini na kitu, mwalimu wa Kiingereza katika chuo kimoja, na leseni yake ya Kenya haikukubaliwa. Alisimama mlangoni kwa Bi Ghalia, shingo nyekundu kwa jua, akasema kwa Kiswahili:

"Wewe! Mwalimu ya gari iko wapi? Mimi nataka yeye sasa hivi."

Bi Ghalia alimtazama kutoka kofia mpaka viatu. Lafudhi ile aliijua. Hakuisikia tangu Molo.

"Mwalimu ndiye mimi," alisema. "Na wewe kwenu hukufunzwa kusalimu watu?"

Roza akaiva uso mzima. "Nisamehe, mama. Kiswahili yangu nilijifunza kwa kuamrisha watu wa jikoni. Hakuna mtu alinifundisha ya kuomba."

Bi Ghalia alikuwa tayari kumfungia mlango, lakini jawabu hilo lilimpendeza. Akamkaribisha ndani, akampa halwa.

Siku ya pili ya masomo, gari likiwa limezimika mara ya kumi na Mabruka akiwa nyuma na mafurushi yake, Roza alieleza habari zake. Babu yake alipewa shamba karibu na Molo na serikali ya kikoloni. Watu waliokuwa wakilisha ng'ombe wao pale walifukuzwa, na waliobaki wakawa vibarua. Roza alikulia humo akidhani ndivyo dunia ilivyo. Alipokuwa mtu mzima, yeye na wajukuu wengine wa masetla walifanya chama chao kidogo. Kila mmoja akiri alichorithi, arudishe anachoweza kurudisha, na awe na mtu asiye Mzungu mwenye ruhusa ya kumwambia alipokosea.

"Wangu wa Kenya yuko mbali," alisema Roza. "Hapa sina mtu. Ninakuomba wewe."

"Nifanye nini?"

"Nikikosea, unaniambia. Mimi hairuhusiwi kujitetea. Hairuhusiwi kulia. Hairuhusiwi kutaka unibembeleze. Nauliza tu, nitengeneze nini, halafu natengeneza."

Bi Ghalia aligeuka kitini mzima mzima. "Yaani mimi nikuseme, na wewe unyamaze?"

"Ndiyo."

"Bila kununa?"

"Bila kununa."

"Subhanallah! Kuanzia lini?"

"Kuanzia leo."

"Basi ondoa mguu kwenye kilachi, unanichomea gari."

Wallahi, alifurahi Bi Ghalia! Maisha yake yote aliwaona Wazungu wakisema na wengine wakisikiliza, na sasa Mwenyezi Mungu alikuwa amemletea wa kwake, amefungwa mkanda wa kiti, hana pa kukimbilia. Alimsema kwa kona mbaya, akamsema kwa kumkatiza mtu kauli, akamsema kwa kuwaita wanafunzi wake wa chuo wavivu. Roza alisikiliza na kuuliza atengeneze nini. Na alitengeneza. Wale wanafunzi aliwaomba radhi darasani.

Siku moja Bi Ghalia alimweleza habari ya baba yake. Mzee Muslim alikuwa akipeleka vitambaa kwenye klabu ya masetla, mabibi wachague, lakini kwa mlango wa mbele haingii. Husimamishwa mlango wa jikoni, na Ghalia mdogo akiwa pembeni ameshika utepe wa kupimia. Roza hakusema kwamba zamani ndivyo mambo yalivyokuwa. Alisema tu, "Bibi yangu alikuwa mwanachama wa klabu ile." Na safari nyingine alieleza kwamba kile kipande cha shamba lao chenye makaburi na chemchemi, wamekirudisha kwa koo zilizofukuzwa, na kaka yake tangu siku hiyo hasemi naye. Bi Ghalia aliridhika.

Mabruka, kule nyuma, alitema ganda la mbegu mkononi. "Ammati," akauliza, "huko Molo, magunia ya sukari nani alikuwa akibeba?"

"Maboi wa baba."

"Wakilala wapi?"

"Nyuma ya duka. Walikuwa watu wetu wa nyumbani."

"Aha," akasema Mabruka, akaendelea kubangua.

Mwaka uliofuata Manar alichumbiwa na kijana wa Al Kamil, na siku ya kufunga ndoa wanawake walijaa ukumbini kwa Bi Ghalia. Harusi yenyewe ingekuwa baada ya mfungo. Walikaa chini kuzunguka kuta, mabega kwa mabega, na Mabruka akipita na dele, birika la kahawa. Dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Kwa desturi ya Oman mmiminaji hasemi "ongeza?" wala mnywaji hasemi "basi". Mnywaji akirudisha finjani hivi hivi, hujaziwa, na mmiminaji husimama hapo hapo. Akitosheka huitikisa kidogo, kushoto na kulia, na mmiminaji huenda kwa mwingine. Mabruka aliwamiminia wakubwa, akawamiminia wasichana wadogo wa shule. Hakukaa hata mara moja, na hakuna aliyeliona hilo, maana ndivyo ilivyokuwa tangu zama za nyanya yake.

Roza aliliona. Alikuwa amekaa karibu na mlango, na pale moyo ukamtuma ujinga. Akainuka, akampokonya Mabruka dele, akasogeza watu kwenye mto wa kukalia, akajaza finjani na kusema kwa sauti ya darasani:

"Dada, kaa hapa. Leo wewe ndiyo mgeni. Mimi nakuhudumia."

Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Kisha Shukriya, wifi yake Bi Ghalia, ambaye ulimi wake haukuwa na pazia, akasema, "Mashallah! Mngereza amemwacha huru Mabruka."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Mabruka aliiweka finjani sakafuni, haijaguswa. Akachukua abaya lake, akatoka.

Bi Ghalia alimvutia Roza jikoni. "Umeniharibia shughuli! Umemdhalilisha mtu wangu mbele ya watu!"

"Kweli," alisema Roza, na macho yake yalikuwa makavu kwa nguvu. "Nilitaka watu waone mimi ni mwema. Nitengeneze nini?"

"Unirudishie Mabruka!"

"Nitakwenda kwake kwa kosa langu. Lakini, Bi Ghalia, yeye hakutoka kwa sababu yangu peke yangu."

Bi Ghalia alimfukuza jikoni.

Kesho yake Mabruka hakuja, wala kesho kutwa. Bi Ghalia alimpelekea nyama, ikarudi. Akampelekea kitambaa kizuri kwa mkono wa Manar, kikarudi kimekunjwa vile vile. Nyumba ikapwaya. Alipika chakula cha watu watatu kwa mazoea, akala na Manar bila hamu. Harusi bila Mabruka hakuweza hata kuifikiria, na si kwa sababu ya kahawa. Ni yeye aliyemkuta analia nyuma ya tangi la maji. Bi Ghalia aliona waziwazi kwamba anaweza kumpoteza, na wazo hilo lilimkosesha usingizi.

Jumatano akaenda sokoni na Roza. Mabruka alikuwa amekaa mbele ya ubani wake, amekuja na pikapu ya kukodi. Roza alichuchumaa.

"Nilikutia aibu mbele ya watu, ili mimi nisifiwe. Nitengeneze nini?"

Mabruka aliendelea kupanga nyuzi zake. "Wewe mambo yako mepesi. Siku ya harusi nenda uani ukaoshe vikombe. Pasipo watu. Na usimwambie mtu kwamba umeosha."

"Sawa."

"Yalla, ondoka, unaniziba wateja." Kisha akainua uso. "Na wewe, ammati, umefuata nini?"

"Mabruka, mimi na wewe tumekuwa ndugu. Mimi sijapata hata siku moja—"

"Unajitetea."

"Nani amekuwa akikuleta hapa kila Jumatano? Mfungo, sikukuu, nguo, nyama—"

"Unajitetea tena."

Macho ya Bi Ghalia yakajaa.

"Na kulia hakuna," alisema Mabruka. "Sheria nazijua zote. Nilikuwa kiti cha nyuma."

Wanawake wa jirani walijifanya wanapima lesi. Mabruka akaendelea, polepole. "Wanawake wa Ibra umewafundisha gari. Wa Al Mintirib umewafundisha. Mngereza umemfundisha. Manar alipoanza shule nilikuomba, nifundishe na mimi. Ukacheka. Ukasema, 'Wewe uende wapi, Mabruka?' Nilikuwa nataka kwenda Sur, nikachague vitambaa mwenyewe. Bas. Na ile kahawa, Roza amefanya kwa kiburi, lakini alichokiona alikiona. Miaka yote hii, nani amewahi kunimiminia?"

Bi Ghalia alirudi nyumbani na hasira ya wiki nzima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Alipiga mlango wa kabati, akamgombeza Manar, akamkaripia mwanafunzi mmoja mpaka yule akashuka garini. Ndani ya hasira hiyo alijaribu kujikumbusha wema wake, na kila akikumbuka wema mmoja alimwona Mabruka amesimama. Akakumbuka baba yake kwenye mlango wa jikoni wa klabu, dhiki ile aliyomsimulia Roza kwa uchungu. Halafu akakumbuka vitambaa vilikuwa vimebebwa na nani. Kulikuwa na kijana nyuma yao, na furushi kichwani, mvua inamnyeshea. Bi Ghalia alitafuta jina lake na hakulipata. Hakuwahi kulijua. Walikuwa wakimwita boi. Aliona haya, haya ya kweli, akiwa peke yake chumbani.

Jumatano iliyofuata alichemsha kahawa mwenyewe, akaitia hiliki, akaingia sokoni na dele lake mkono wa kushoto. Alisimama mbele ya Mabruka, akamimina.

Mabruka alipokea. Akanywa bila haraka, akairudisha finjani hivi hivi. Bi Ghalia akajaza. Akanywa, akairudisha. Akajaza. Wateja walikuja, wakauliza bei, wakajibiwa, wakaondoka, na Bi Ghalia amesimama pale pale juani. Shukriya akapita na kapu lake, akasimama kinywa wazi. Finjani ikarudi tena, haijatikiswa. Dele likaisha. Mabruka akaiweka finjani chini.

"Hukuitikisa," alisema Bi Ghalia.

"Sijatosheka."

"Nitengeneze nini?"

"Kesho asubuhi, mapipa. Mimi usukani."

Hapo ndipo Ibra ilipopata kituko. Mabruka alikuwa dereva mbaya kupita wote waliomtangulia, na mapipa aliyaangusha mawili mawili. Bi Ghalia alikuwa mpole kama maji ya mtungini. "Hapana neno, shoga yangu. Taratibu tu."

Mabruka akafunga breki. "Kwa nini hunipigii kelele?"

"Nikupigie kelele?"

"Mke wa kadhi unampigia. Binti wa daktari unampigia. Mimi kwa nini unanibembeleza? Nifundishe kama watu!"

"Basi tazama kioo, mwanamke!" alinguruma Bi Ghalia. "Pipa kubwa lote hilo hulioni? Unarudi nyuma au unafukuza jini?"

Mabruka alicheka mpaka akashika tumbo, na Bi Ghalia akacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini.

Roza alifaulu mtihani mara ya kwanza. Mabruka alianguka, akaanguka tena, kisha akafaulu, akanunua pikapu kuukuu ya buluu. Jumatatu yuko Sur, Jumanne yuko Nizwa, Jumatano yuko sokoni na vitambaa alivyovichagua mwenyewe. Hakuja tena kila siku. Alikuja akialikwa, kama watu wengine, na wakati mwingine alisema hana nafasi. Hilo lilimuuma Bi Ghalia kuliko alivyotegemea. Alizoea kuwa na Mabruka bila kumwomba, na sasa alikuwa hana budi kumwomba. Kwa harusi alikwenda mwenyewe mpaka ile nyumba ya ukingoni, akapiga hodi, akakaribishwa, akampa kadi kwa mikono miwili.

"Nitatazama," alisema Mabruka. "Siku hiyo huenda niko Sur."

Usiku wa harusi mama wa bibi arusi alionekana na dele mkononi, akimimina kwa wageni mmoja mmoja. Shukriya alimvuta nguo. "Ghalia, una wazimu? Aibu! Watu watasemaje?"

"Watasema kahawa nzuri," alijibu Bi Ghalia, na jicho lake halikuondoka mlangoni.

Uani, nyuma ya pazia, Roza alikuwa amekunja mikono akiosha finjani kwenye beseni. Manar, aliyekwenda huko kutafuta pini, alimuuliza anafanya nini. Roza akasema alikuwa ananawa.

Ngoma ilikuwa imekwisha anza, na Bi Ghalia alikuwa karibu kukata tamaa, aliposikia injini inanguruma nje na mtu anaegesha kwa kinyumenyume, vibaya. Mabruka aliingia na harufu ya udi wa gharama na nguo ya zari iliyowafanya wageni wageuke. Hakutazama upande wa jikoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele, akamsogeza Shukriya kwa nyonga, akaketi kwenye mto.

Bi Ghalia akaja, akasimama mbele yake, akamimina. Mabruka akanywa, akairudisha hivi hivi. Bi Ghalia akajaza. Akanywa, akairudisha tena hivi hivi. Wageni waliokuwa wakingoja wakaanza kutazamana. Bi Ghalia alijaza mara nyingine. Dele lilikuwa limebaki jepesi, na hakujua atafanya nini likiisha.

Mabruka alikunywa mpaka tone la mwisho. Akamtazama rafiki yake usoni, kisha akaitikisa finjani, kushoto na kulia.

"Bas, Ghalia," alisema, jina tupu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Pita kwa wengine, wana kiu."

Bi Ghalia hakuweza kusogea.

"Na usilie."

"Silii. Moshi wa ubani huu."

Ubani ulikuwa bado haujawashwa.